Wodi Nzima kwa Jina Moja

Jumatatu ile Metroni hakumwita ofisini. Alimngoja mlangoni mwa wodi ya wanaume, akamshika kiwiko kama mtu anayemwongoza mgonjwa, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba kikao ni Alhamisi saa nne asubuhi na kwamba atakuwepo mtu wa Baraza la Wauguzi. Kisha akaongeza, "Njoo na leseni yako, Shangazi."

Hilo la leseni ndilo lililomkata maini. Miaka yote aliyofanya kazi pale hakuna aliyewahi kumwomba aionyeshe. Ilikuwa imelala kabatini nyumbani, chini ya vitambaa vya meza, na ungemuuliza rangi yake angebahatisha. Leseni haiitwi mezani ili isifiwe. Inaitwa ili ichukuliwe, na bila karatasi ile Shangazi angebaki mama mmoja tu wa mtaani anayejua kupima joto la mtoto kwa kiganja.

Hakuwa shangazi wa mtu pale hospitalini. Jina alipewa na wauguzi wadogo kwa ajili ya mdomo wake na moyo wake, vitu viwili ambavyo havikuwahi kukubaliana. Asubuhi angekugombeza mpaka ujione huna maana, na mchana angekumegea chakula chake bila kukuuliza kama una njaa. Wagonjwa wakalidaka jina, madaktari nao wakalichukua, na hata yule daktari bingwa mwenye maringo, ambaye hakumjua mtu yeyote kwa jina, alikuwa akiingia wodini anauliza, "Shangazi yuko wapi?"

Kosa lenyewe lilikuwa hili. Wiki iliyotangulia, mzee mmoja wa kitanda cha dirishani, mtengenezaji wa saa ambaye wodi nzima ilimwita Fundi Saa, alichomwa sindano yake ya insulini ya asubuhi mara mbili. Aliandikiwa moja. Ile ya ziada ilimshusha sukari mpaka akazimika na kikombe cha chai mkononi. Daktari alimuwahi kwa dripu ya glukosi, wakamkimbiza chumba cha uangalizi maalumu, na tangu siku hiyo alikuwa huko, mara anaamka, mara anapotea tena, na hawaruhusiwi kumwona ila watu wake na wahudumu wa chumba kile. Kompyuta ilipoulizwa nani alimchoma, haikusita. Sindano ya kwanza: Shangazi. Sindano ya pili, dakika chache baadaye: Shangazi.

Nani alikuwa Shangazi asubuhi ile, kompyuta haikujua. Na balaa lote lilikuwa hapo.

Turudi nyuma kidogo. Hospitali ilipoamua kuachana na mafaili ya karatasi, kila wodi ilitakiwa itoe mtu mmoja wa kwenda kusomea mifumo ya taarifa za afya, ili akirudi awafundishe wenzake. Wodi ya wanaume ilimtoa Shangazi, kwa sababu wengine wote walikwepa, na kwa sababu Metroni alijua kwamba Shangazi akikubali, hakuna atakayebaki na kisingizio. Alikwenda amenuna. Wiki ya kwanza alikuwa anakinyanyua kile kipanya hewani ili mshale upande juu ya skrini, na mfamasia aliyekaa naye akaumwa mbavu kwa kucheka. Mwalimu wao alikuwa binti mdogo kuliko kitinda mimba wa Shangazi, daktari aliyeacha kutibu akaenda kusomea kompyuta za hospitali, mpole wa sauti hadi ikabidi wote wanyamaze ndipo asikike.

Binti yule ndiye aliyemteka. Siku moja aliwachorea takwimu za wodi zao wenyewe, na Shangazi akaona vidonda vya mgongo vya wagonjwa wake vimepangwa mwezi kwa mwezi, na akaona kwa macho yake kwamba mwezi aliokuwa likizo vidonda vilipanda. Miaka yote alikuwa anasema wagonjwa wageuzwe kitandani, na watu wanaguna. Leo mashine ilikuwa inasema kama yeye. Tangu siku ile alikuwa wa kwanza kufika darasani na wa mwisho kutoka. Alifaulu, tena vizuri, na Mwalimu akamwambia kwamba kundi lijalo la wauguzi angependa walifundishe pamoja. Shangazi alijifanya hajali, akaenda kulisema nyumbani, kwa dada zake, na kwa muuza mboga.

Jambo moja Mwalimu alilirudia mpaka wakachoka. Kila mtu aingie kwenye mfumo kwa jina lake na neno lake la siri, na akimaliza atoke. Kwenye mtihani lilikuja swali hilo, na Shangazi alilijibu kwa mwandiko mzuri, ukurasa mzima.

Wodini mambo yakawa mengine. Wenzake walipewa majina yao ya kuingilia, wakasahau maneno ya siri, wakajaribu mara tatu, mfumo ukawafungia. Kumfungulia mtu ilibidi kupiga simu ofisi ya mitambo, na ofisi ya mitambo ilipokea simu ilipotaka yenyewe. Wagonjwa hawangoji. Kuna asubuhi muuguzi mmoja alisimama mbele ya skrini machozi yanamlengalenga, dawa za vitanda vyake hazijaandikwa hata moja, na Shangazi akamwambia, "Ingia kwangu. Andika, utoke."

Huo ulikuwa mwanzo. Aliingia mmoja, wakaingia wawili, na kabla mwezi haujaisha ikawa Shangazi akifika zamu anafungua mfumo kwa jina lake, kwenye kompyuta ya mezani na kwenye ile ndogo ya mkononi aliyotembea nayo, anauacha wazi mpaka jioni, na wodi nzima inafanyia kazi humo. Likawa neno la wodi. "Nani yuko kwa Shangazi?" mmoja angeuliza, na mwingine angejibu, "Ngoja nimalize, nami ndio kwanza nimekaribishwa." Walicheka. Hata yeye alicheka. Alijua ni makosa, na alikuwa amelijibu swali lile ukurasa mzima, lakini kila siku palikuwa na sababu ya kungoja kesho.

Sasa kesho ilikuwa imefika, tena na mtu wa Baraza.

Jumanne Mwalimu alikuja wodini. Hakuja kumshitaki. Alimkalisha mbele ya kompyuta ya meza ya wauguzi, akamfungulia kumbukumbu za asubuhi ile, na sauti yake ilikuwa ya chini kuliko siku zote.

"Shangazi, tazama hapa. Hili ni ingizo la kwanza. Mfumo umelipokea bila neno. Hili la pili, mfumo umetoa onyo jekundu, kwamba mgonjwa huyu dawa hii ameshapewa. Aliyekuwa anaandika akabonyeza Endelea."

"Akabonyeza Endelea," Shangazi alirudia.

"Ndiyo. Kikao kitashika hapo. Watasema aliyebonyeza Endelea ndiye aliyerudia sindano, maana alionywa akapuuza. Ni wewe?"

Shangazi alitaka kujibu papo hapo, akashindwa. Alijaribu kuikumbuka asubuhi ile, na zikaja asubuhi nyingine chungu nzima zinazofanana nayo: toroli, pamba, harufu ya spiriti, matumbo yaliyofunuliwa, "pole baba, kidogo tu". Kati ya matumbo hayo lipi lilikuwa la Fundi Saa na la siku gani, hakuweza kulichambua. Angekuwa na jina lake peke yake, angesoma kwenye skrini na kujijua. Lakini jina lilikuwa limetumiwa na kila mtu, na yeye mwenyewe alikuwa amepotea humo pamoja na wengine. Aliogopa kwa namna ambayo hakuwahi kuogopa, hofu ya mtu anayeitazama mikono yake na kuiuliza ilifanya nini.

Halafu akashika neno moja. Onyo. Yeye huwa habonyezi Endelea kwenye onyo jekundu. Hilo aliliapia. Wengine walilibonyeza bila hata kusoma, kwa sababu mfumo ulionya juu ya kila kitu, mpaka panadoli, na vidole vilishazoea. Yeye alikuwa akiwachapa mikono kwa hilo. Asingeliona jekundu akalipita.

"Sikuona onyo lolote mimi," alisema. "Siku ile wala jana yake. Hilo nina hakika nalo."

"Basi nani?"

Moyoni mwa Shangazi jibu lilishakaa. Asubuhi ile waliokuwa na sindano za sukari walikuwa wawili tu, yeye na Kitinda. Yeye alianzia upande wa mlangoni, Kitinda upande wa dirishani. Na Fundi Saa alilala dirishani.

Kitinda alikuwa mdogo kuliko wote wodini, ndiyo maana akaitwa hivyo. Alikuja kazini akiwa anatetemeka mikono hadi bomba la sindano linagonga bakuli, na Shangazi akamchukua, akamsimamisha mbele ya machungwa jikoni mwa wodi, akamfanya achome machungwa mpaka mkono ukatulia. Alikuwa bado kwenye kipindi cha majaribio. Kosa kama lile lingemtoa kazini kabla hajapokewa. Na tangu siku ile ya Fundi Saa, mtoto yule alikuwa amebadilika. Hakai naye kula. Ukimwita anakuja, lakini macho yako sakafuni. Shangazi alikuwa ameliona hilo tangu mwanzo, akajifanya hakuliona.

Jioni alimweleza mumewe. Mumewe alikuwa seremala, mtu wa maneno machache na vumbi la mbao kwenye nyusi, na alimsikiliza huku anabandua gundi kwenye vidole.

"Mimi nikimwazima mtu msumeno," alisema hatimaye, "akaharibu kitanda cha watu, mwenye kitanda atamfuata yeye. Hatanifuata mimi."

"Msumeno wako haujaandikwa jina lako na picha yako na namba yako ya leseni."

"Hapo umenishinda." Alifikiri tena. "Lakini kama ni yule mtoto, si umseme tu?"

"Ndilo linalonikera," Shangazi alisema. "Kwamba naomba awe yeye."

Lilimtoka lilivyo, na likabaki limetanda pale mezani.  Mumewe alisogeza sahani ya Shangazi karibu zaidi, maana alikuwa hajala, na hakula. Leseni Shangazi alishaitoa kabatini. Ilikuwa ya kijani. Aliitazama picha iliyobandikwa, msichana mwenye shingo nyembamba na kofia iliyomzidi kichwa, na akaona aibu mbele ya picha yake mwenyewe.

Jumatano alimkamata Kitinda katika stoo ya mashuka. Walikuwa wanakunja, kila mmoja ameshika ncha mbili, wanakutana katikati na kuachana, kazi ambayo huwezi kuifanya na mtu bila kumtazama. Kitinda aliweza.

"Mwanangu," Shangazi alisema, "siku ile, Fundi Saa ulimchoma wewe?"

"Nilimchoma, Shangazi."

"Ukaandika?"

"Niliandika. Baadaye kidogo."

"Na ulipoandika, kompyuta ilikuonya?"

Kitinda alinyoosha shuka ambalo lilishanyooka. "Ilinionya."

"Ukabonyeza Endelea."

"Nikabonyeza."

Shangazi alihisi kitu kinamlegea kifuani, kama mtu aliyevuliwa mkanda wa kubana, na hapo hapo akajichukia kwa kuvuta pumzi vile. "Kwa hiyo ulimchoma mara mbili," alisema, kwa upole kadiri alivyoweza.

Binti hakusema ndiyo, hakusema hapana.  Aliweka shuka kwenye rafu, akalipangusa kwa kiganja, akasema, "Shangazi, kesho usihangaike. Wewe nenda tu," akatoka.

Usiku ule Shangazi alilala fofofo, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Sisemi alikuwa mtu mbaya. Nasema alilala. Alishapanga kila kitu kichwani: atakiri kosa la jina lake kuwa wazi, hilo hana pa kulikimbilia, atapewa onyo, labda atanyimwa lile darasa la kufundisha. Leseni itabaki. Na kwa niaba ya Kitinda ataomba radhi, atawaambia wakubwa kwamba mtoto ni mgeni, kwamba wodi ina watu wachache na kazi ni nyingi. Aliyapamba maneno yale ya kumtetea, yakawa mazuri, na uzuri wake ukamsaidia kusahau kwamba atakuwa anamtetea mtu baada ya kumsukuma mtoni.

Alhamisi asubuhi alifika mapema, amevaa sare iliyopigwa pasi mpaka mistari ya mikono inasimama, leseni iko kwenye mkoba. Alipoingia wodini alikuta kitanda cha dirishani kina mtu. Fundi Saa alikuwa amerudishwa alfajiri. Alikuwa amekonda, mashavu yameingia ndani, lakini amekaa, amevaa miwani yake, na anaitazama saa ya ukutani ya wodi kwa dharau ya mtu wa kazi hiyo.

Muda ulikuwa bado. Shangazi alimsogelea kumjulia hali tu. Hivyo ndivyo alivyojiambia.

"Shikamoo mzee. Umeturudia."

"Marahaba, mwanangu. Nimerudi. Walinirudisha njiani." Alitabasamu, meno mawili. "Ile saa yenu inachelewa. Nikipata nguvu nitaishusha."

Shangazi alikaa ukingoni mwa kitanda, jambo ambalo alikuwa akiwakataza wengine. Aliutengeneza mto ambao haukuwa na kasoro. 

"Mzee, samahani nikikuchosha. Asubuhi ile ulipoanguka, unakumbuka nani alikuchoma?"

Fundi Saa alimtazama, si kwa hasira. Alimtazama jinsi mtu anavyomtazama mgonjwa ambaye bado hajaambiwa.

"Alianza yule mdogo," alisema. "Akanichoma vizuri, sikusikia hata. Akasema ngoja nikaandike, akaenda pale mezani, akakuta kuna mtu kwenye kompyuta, akasimama kungoja. Mara huko bafuni mtu akaanguka, kishindo, wote wakakimbilia huko, naye akakimbia."

Shangazi alilikumbuka hilo, lile la bafuni. Alikumbuka kishindo. Alikumbuka kwamba yeye hakukimbia, kwa sababu walishakwenda wa kutosha, na mtu mmoja lazima abaki na vitanda.

"Halafu ukaja wewe," Fundi Saa alisema.

Wodi ilikuwa na kelele zake za kawaida, mtu anakohoa, toroli la chai linapita. Shangazi hakusikia chochote kati ya hivyo.

"Ulikuwa na ile kompyuta yako ndogo ya mkononi. Ukaitazama, ukasema mzee, naona wewe bado, ngoja nimsaidie huyu mtoto. Nikakwambia mwenzako ameshanichoma sasa hivi. Ukaitazama tena ile kompyuta, ukanionyesha. Ukasema, 'Hapa bado, baba. Mnasahau nyie, mnachanganya na jana.' Nami nikasema labda kweli nimechanganya. Mtu ukishalazwa unaanza kujitilia shaka." Alivuta shuka juu ya magoti. "Ningeshikilia neno langu. Nisamehe, mwanangu, nimekuletea shida."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Hakuona onyo kwa sababu hapakuwa na la kuonya. Ingizo la kwanza, lile lililopokelewa bila neno, lilikuwa lake, na lilikuwa la sindano ya pili. Kitinda alipotoka bafuni akakuta kompyuta imeachwa, akaandika ile ya kwanza, ya haki, kompyuta ikamwonya kwamba mgonjwa ameshapewa. Akadhani mwenzake amemwandikia, kama walivyozoea kuandikiana humo ndani ya jina moja, au mfumo umefanya vituko vyake, akabonyeza. Mwalimu alikuwa amesoma mpangilio wa maandishi. Mpangilio wa sindano ulikuwa kwenye kichwa cha mzee mmoja ambaye Shangazi alimwambia anachanganya na jana.

"Mbona hukumwambia mtu?" aliuliza, na sauti haikuwa yake.

"Nilimwambia yule mdogo. Juzi walimruhusu aniletee miwani yangu kule chumbani, akaniuliza hili hili. Nikamweleza kama nilivyokueleza wewe. Akakaa ukingoni mwa kitanda kama wewe, akalia. Akaniomba nisimwambie mtu mwingine. Akasema ni wewe uliyemfundisha kushika sindano."

Shangazi aliinuka. Hakuaga. Alipita katikati ya vitanda, mtu mmoja akamwita ampe maji na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi hakugeuka. Juzi. Kwa hiyo jana, pale stoo, Kitinda alikuwa anajua. Kila alichomjibu kilikuwa kweli, na palipobaki kumwambia "ni wewe" alinyamaza. Naye Shangazi aliuchukua ukimya ule, akaulalia usingizi mnono.

Kwenye korido aliiona saa nyingine ya ukutani na hakuiamini, akaongeza mwendo.  Mlango wa chumba cha mkutano ulikuwa umeshafungwa, na kabla hajaufikia alisikia sauti, nyembamba, inayotetemeka kama siku za machungwa.

Akaufungua. Walikuwa wameanza. Metroni alikuwa mwisho wa meza, uso umemvimba kwa kukosa usingizi. Mwalimu alikuwa na kompyuta yake mbele yake. Mtu wa Baraza alikuwa mwanamume wa makamo mwenye suti nzito isiyolingana na joto lile, na alikuwa anaandika. Kitinda alikuwa amesimama, mikono ameifungia nyuma.

"Zote mbili ni mimi," alikuwa anasema. "Nilichoma ya kwanza, nikachanganyikiwa na yule aliyeanguka bafuni, nikarudia. Onyo nililiona, nikabonyeza Endelea. Shangazi hahusiki."

Mtu wa Baraza aliinua macho, akamwona Shangazi mlangoni, akamwonyesha kiti kwa kalamu. Kiti kilikuwa kimevutwa nje tayari, tena karibu na feni. Hakuna aliyemuuliza kitu. Maelezo ya mtoto yalilingana na kumbukumbu za kompyuta mstari kwa mstari, onyo na yote, na wote walionekana wamepata nafuu kwamba jambo limeisha. Kwa kitambo kidogo, na hili lisemwe, Shangazi alikitazama kile kiti.

"Kaa chini, mwanangu," alisema.

Kitinda alitikisa kichwa. Machozi yalikuwa yameanza kumtoka na hakuyapangusa. "Shangazi, tafadhali."

"Nimesema kaa."

Akakaa. Shangazi alitoa leseni kwenye mkoba, akaiweka mezani mbele ya mtu wa Baraza, picha ikiwa juu. 

"Huyu alichoma sindano moja, ile aliyotakiwa kuichoma," alisema. "Ya pili niliichoma mimi. Mgonjwa aliniambia ameshachomwa. Nikamwonyesha kompyuta, nikamwambia amesahau."

Kalamu ya mtu wa Baraza ilikuwa imesimama. Aliitazama karatasi yake, akamtazama Mwalimu, na Mwalimu akainamisha macho kwenye skrini, akaanza kusoma upya mistari yake, midomo inacheza. Mtu wa Baraza akamgeukia Shangazi.

"Hivyo ndivyo unavyokumbuka wewe?"

"Mimi sikumbuki," Shangazi alisema. "Mgonjwa ndiye anayekumbuka. Mimi nimejaribu tangu Jumatatu na sikumbuki kabisa kama nilimchoma. Hilo nalo liandike."